Profesa Giza na Mwanga wa Ndani

"Shangazi, unajuaje kwamba mwanga umetoka ndani?" nilimuuliza siku ya kwanza aliponipeleka maabara. Nilikuwa bado shule ya msingi.

Alinijibu bila kugeuza shingo kwamba rangi ameitia ndani kwa mkono wake mwenyewe, sasa mwanga utoke wapi tena? Ndivyo alivyo. Chumba chake cha maabara hakina dirisha na mlangoni pana pazia jeusi zito, ndiyo maana nyumbani tunamwita Profesa Giza. Bibi hulalamika kwamba bintiye anasomea mwanga, lakini balbu ya jikoni ikiungua anaitwa jirani.

Kazi yenyewe ni hii: anapanga vipira vya plastiki, vidogo kuliko vumbi, safu juu ya safu, mpaka vinakuwa fuwele. Katikati anatia rangi inayong'aa ikimulikwa, kisha anaitazama kwa hadubini. Mpangilio ule wa vipira huziba njia ya baadhi ya mwanga. Shahada yake ya uzamivu ilitegemea hilo: aoneshe kwamba mwanga wa kijani, ukizaliwa ndani, unakosa pa kutokea.

Ukatoka. Fuwele baada ya fuwele ikawaka kijani kama taa ya barabarani inayokuruhusu upite. Msimamizi wake akamshauri abadili mada. Shangazi akagoma, akasema fuwele haina kosa, yeye ndiye anayetazama vibaya. Akasogeza lenzi juu, chini, juu tena, akamnasa mchawi: sehemu ya rangi ileile ilikuwa imegandia nje, juu ya fuwele, iking'aa itakavyo, hakuna wa kuizuia. Kuiosha hakukufaa, maji yalipenya yakabeba mpaka ya ndani.

Jioni moja, akimenya vitunguu, akatuambia kwamba atatumia ukaidi wa fuwele uleule. Ataipiga mwanga mkali ambao fuwele huurudisha mlangoni. Mwanga huo utaichosha rangi ya nje mpaka ife, ya ndani hautaifikia. Bibi akamwambia amalize vitunguu kwanza.

Mwezi uliopita, sasa niko sekondari, mimi na Bibi tulikaa viti vya nyuma ukumbini, shangazi akitetea tasnifu yake. Mtahini mmoja akauliza lile swali langu, karibu neno kwa neno. Bibi akanifinya paja. Shangazi akanitafuta kwa macho hadi akanipata.

"Niliuzima wa nje kwanza," akasema. "Uliobaki ulikuwa hafifu, na wa kijani haukuwamo. Huo ndio wa ndani."