Mashine Iliyochora Chumba cha Siri cha Mume Wangu

Kitendawili!

Najenga nyumba kila siku, sijawahi kulala hata kwenye moja.

Mmeshindwa? Haya, nipeni mji, tena wenye umeme usiokatika.

Jibu ni kompyuta ya binti yangu. Hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kunifichulia kwamba miaka yote nimekuwa nikilala kwenye nyumba yenye chumba nisichokijua.

Msicheke. Na mimi mwanzoni nilicheka.

Mume wangu alikuwa msanifu wa majengo. Ofisini walimwita Rula, maana hata mkate hakati mpaka aupime kwa jicho. Alipostaafu, alimwacha pale binti yetu, naye msanifu. Binti akapigania kazi moja mbele ya bosi wake: kuutia ujuzi wa baba yake ndani ya kompyuta.

"Yaani mnamfungia mzee kwenye boksi?" nikamuuliza.

"Mama naye! Tunaandika anavyofikiri. Ikiwa hivi, basi vile. Siku akiwa hayupo, mashine ijue angeamua nini. Na ukiiuliza kwa nini, ikupe sababu."

Nikaelewa. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini hiyo ikiwa-na-basi naijua. Ikiwa mtoto yuko kimya sana, basi kuna kitu kavunja.

Wakawa wanakaa mezani kwangu asubuhi. Binti anauliza, mzee anajibu, binti anabonyeza.

"Ikiwa ukuta unapigwa na jua la jioni?"

"Basi vyumba vya kulala visikae upande huo."

"Kwa nini?"

"Wewe utalala kwenye tanuri?" Kisha ananigeukia mimi. "Hii mashine ina maswali kuliko mama mkwe!"

Tulicheka hadi chai ikapoa.

Ila maswali hayaishi, na binti akachoka. Akatafuta njia ya mkato. Akaiingizia mashine michoro yote ya zamani ya baba yake, akaiamuru: lolote unalolikuta likijirudia kila mahali, lifanye kanuni.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kazi ya kwanza ya mashine ilikuwa bweni la kituo cha watoto yatima. Ikachora vizuri kabisa. Madirisha, vyoo, njia za kutokea, kila kitu mahali pake. Ila nyuma ya ukuta wa vitanda vya watoto ikaacha uwazi mwembamba.

Hauna dirisha. Hauna jina.

Binti akadhani ni hitilafu. Akaufuta.

Mashine ikaurudisha.

Akaiuliza kwa nini. Ikaandika: "Mtaalamu huweka. Sababu haijatolewa."

Akaichoresha duka. Hakuna uwazi. Nyumba ya wazee wawili, hakuna. Kisha kwenye nyumba ile ile ya wazee akaongeza chumba cha watoto.

Uwazi ukatokea.

Akakiondoa chumba. Ukapotea.

Alinifuata nyumbani amejikumbatia kama mtu anayesikia baridi, na nje jua linawaka. Bosi kasema mchoro unakabidhiwa kesho. Alete sababu, la sivyo kanuni ifutwe na mzee asisogelee tena kazi za ofisi.

"Mama, kaniuliza baba alikuwa anataka nini na watoto wa watu. Kaniuliza hivyo mbele ya wenzangu."

Nikamshika mkono.

Tukamkuta mzee sebuleni anavaa shati, anataka kwenda kwa kinyozi.

"Baba," binti akamwambia, "ile nafasi nyuma ya vyumba vya watoto ni ya nini?"

Vidole vyake vikagandia kwenye kifungo.

"Usiifute."

"Sijauliza kuifuta. Nimeuliza ni ya nini."

Akachukua kofia, akatoka. Hata mlango hakuurudishia.

Jamani, mwanaume nimezaa naye, nimemuuguza, kikohozi chake nakitambua hata katikati ya umati. Lakini mgongo uliotoka pale ulikuwa wa mtu baki.

"Mama." Binti alinong'ona, ingawa tulikuwa peke yetu. "Nikiwa mdogo nilikuwa nasikia mtu nyuma ya ukuta wa chumba changu. Nikakwambia. Ukasema ni panya."

Nilisema hivyo kweli.

Tukaenda kwenye chumba chake cha utotoni. Ukutani lilisimama kabati la nguo ambalo mzee hakuruhusu liguswe, eti litakwaruza sakafu. Tukalisukuma. Nilijiandaa kuumia kiuno, kumbe lilisogea lenyewe kama limepakwa mafuta miguuni. Hata mtoto angeliweza.

Nyuma yake, mlango mdogo uliopakwa rangi ya ukuta.

"Usifungue, mama."

"Nyumba ni yangu," nikasema, lakini sauti haikuwa yangu.

Nikausukuma.

Giza. Upana wa mtu kupita kwa ubavu. Binti akamulika kwa simu. Mkeka. Blanketi la mtoto, limekunjwa. Dumu la maji.

Nikalifungua, nikanusa. Nikachovya kidole, nikaonja.

Maji yalikuwa mapya.

Binti akaegemea kabati. "Humu kuna nani? Baba anamweka nani humu?"

Mkono wangu ulikuwa unapapasa mlango, unatafuta kufuli. Upande wa nje hakuna kitu, hata tundu la ufunguo. Nikapapasa upande wa pili.

Komeo lilikuwa kwa ndani.

Nikakaa chini pale pale. "Mwanangu, tulia. Mfungwa hapewi komeo alishike mwenyewe."

"Hakuna mtu humo," sauti ikasema nyuma yetu. "Maji nabadilisha mimi."

Mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi, nywele zile zile. Kwa kinyozi hakufika.

Nawaambia ninyi mnaosoma: mtu anaweza kukufundisha kazi yake yote, akakuficha kilichomfundisha yeye. Ukikuta jambo lake halina sababu, usikimbilie kumwona mwovu. Na usiwe kama mimi, ukamsingizia panya. Uliza, kisha usubiri.

Binti akafuta machozi. "Baba, bosi mwache. Ofisi iache. Anayeuliza ni mimi, niliyelala nyuma ya huu ukuta. Hiki chumba ni cha nini?"

Mzee akainama, akaliokota blanketi, akaanza kulikunja upya, ncha kwa ncha. Tukasubiri. Safari hii hakuondoka.

"Watu walipovamia kwetu," akasema, "waliingia mlango wa mbele na wa nyuma kwa pamoja. Mama yangu alikuwa na pipa moja tupu, la kumficha mtoto mmoja. Na sisi tulikuwa watoto wanne."