Jina Alilopewa Sebuleni

Walimfanya mtoto mgonjwa kichekesho cha sebuleni, na aliyeanza ni shangazi yake wa damu.

Msusi, mama wa mtoto, alikuwa barazani, chanuo mdomoni, kichwa cha mteja mapajani, alipomsikia wifi yake ndani akimsema binti. "Mtazameni! Tangu asubuhi kakaa pale pale kama mzigo uliosahauliwa stendi. We Mzigo, mwenyewe wako atakuchukua lini?"

Wageni wakaangua kicheko. Mume wa msusi, baba mzima na ndevu zake, akacheka mpaka akapaliwa na chai. Binti akatabasamu kidogo, akarudi chumbani, akalala ameelekea ukutani.

"Wifi, mtoto hali, halali," msusi akasema.

"Anadeka huyo! Sisi utotoni tulipata wapi nafasi ya huzuni?"

Jina likatoka nje. Binamu yake alilibeba hadi shuleni, na haikuchukua muda darasa zima likawa linamwimbia mlangoni: Mzigo kaja, mpokeeni! Binti akaacha kwenda. Sare ikabaki msumarini. Baba mtu akasema ni uvivu, akageuka upande wa pili, akalala fofofo.

Msusi akamnawisha binti uso, akamshika mkono, wakaenda zahanati. Muuguzi akamwinamia mtoto.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Mzigo."

Hakuwa anatania. Msusi akamweleza muuguzi jina lile lilikotoka.

"Huyu anaumwa, dada," muuguzi akasema taratibu. "Anaumwa kweli. Tutamtibu, lakini nyumbani wasiendelee kumlisha sumu."

Jioni ile msusi akasimama katikati ya sebule. "Mtoto anaumwa. Kuanzia leo, mwiteni jina lake."

Wifi alikuwa akilamba mafuta vidoleni. "Jamani, si utani tu! Siku hizi na kucheka mpaka tumuulize daktari?"

Mume akakodolea macho dari. Msusi akavitazama vile vidole vinavyong'aa kwa mate. Akaenda kufunga nguo za mtoto.

Sasa binti yuko kwa mama yake mdogo. Anakwenda zahanati, anakula kidogo kidogo. Juzi, msusi alipokwenda kumwona, binti alichukua chanuo, akamchana mama yake nywele bila kuombwa.

Shangazi ametuma salamu. Baba ametuma viatu vipya. Nani aliomba viatu? Wanachodaiwa wawili hao ni kuja wenyewe, wakae chini mbele ya mtoto, wamwite jina lake, waseme walimkosea. Mpaka leo hawajatia mguu.