Tulivyoingoja Sehemu ya Pili

Sisi tuliokulia mjini Baraka, kando ya ziwa, miaka ile familia zilipokuwa zikirudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, filamu haikutufuata nyumbani. Tuliifuata sisi, kwa miguu, na kabla ya kuifuata tuliingoja kwa majuma, tukaisimulia, tukaigombania, tukaiota, na bado diski yake ilikuwa haijaondoka mjini Uvira. Wenzangu wa rika langu mnajua ninachosema. Mnazikumbuka nyumba za video.

Ya mtaani kwetu ilikuwa ya Papa Etabo. Miti kumi na kitu iliyozungushiwa shitingi zilezile za plastiki zilizotufunika kambini, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, televisheni moja yenye mgongo mnene, na huko nyuma jenereta lililokohoa kuliko babu yangu. Ukiingia ulipokewa na joto, jasho, moshi wa mafuta, na harufu ya ndagala, samaki wetu wadogo wa ziwani, walioanikwa uwanja wa jirani. Filamu nyingi zilikuwa za bunduki, na mama yangu hakuzipenda. "Vita muliona ya bure," alikuwa akisema, "sasa munaenda kuangalia ingine ya nini?" Tulienda.

Halafu Papa Etabo akaleta desanime. Ndivyo tulivyoziita filamu za kuchorwa. Jina la hiyo aliyoleta hatukulijua, kwa sababu karatasi ya diski ilikuwa imeliwa na maji, na waliomo walisema Kifaransa cha mbio ambacho hata mwalimu wetu alikitafuna bila kukimeza. Tulielewa kwa macho. Dunia imekauka, maziwa yote yamebaki chumvi, watu wamehamia ndani ya meli kubwa ya chuma inayoelea katikati ya nyota. Msichana mmoja amezaliwa humo, hajawahi kuona udongo. Anamwokota roboti aliyetupwa, mwenye jicho moja la bluu, anayejua njia ya kurudi chini. Mwishoni roboti anapigwa, jicho linazimika, msichana amemkumbatia, na maandishi yanaanza kupanda. Papa Etabo akasimama mbele ya televisheni akatangaza kwamba kuna sehemu ya pili, na kwamba ataileta.

Hakuna aliyeingoja kama Riziki, msichana wa jirani. Tulikuwa na miaka kumi na miwili sote wawili, nyumba zetu zikitenganishwa na ua wa matete. Baba yake aliuawa katika mauaji ya Makobola, Riziki akiwa bado mgongoni mwa mama yake, na mama huyo alimlea peke yake, kambini na baada ya kambi. Riziki alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na kifua chake, na alijua kuhadithia. Jioni tukichambua sombe, majani ya mihogo, alituhadithia upya sehemu ya kwanza, na kila mara ilikuwa ndefu zaidi. Watoto wasiowahi kukanyaga nyumba ya video walimjua yule roboti kupitia kwake. Alimchora kwa makaa kwenye ukuta wa jiko la mama yake, mkubwa kama mtu mzima. Mama Riziki alipoona akamwambia, "Ukuta yangu si kaye ya kuandikia masomo." Lakini hakuufuta.

Tuligawanyika vyama viwili. Wavulana walisema roboti amekufa, na sehemu ya pili itakuwa ya kulipiza kisasi. Riziki alisema hapana, amelala, na msichana atamwamsha wakifika duniani. Ubishi ukaingia hadi darasani, na mwalimu akatuchapa fimbo mbili mbili kwa ajili ya roboti ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kumwona. Tulimtengeneza kwa makopo ya nyanya na nyaya za mwavuli. Tulimpa ndugu, tukampa maadui, tukampa mpaka mke. Nadhani hakuna kitu katika utoto wetu tulichokifanyia kazi kubwa kama sehemu ile ya pili, ambayo wengine walikuwa wameshaimaliza zamani huko mbali.

Papa Etabo aliandika kwa rangi kwenye ubao: DIMANCHE. Jumapili ile ikapita bure, maana mvua ilikuwa imekata barabara upande wa Mboko na malori yalikuwa yamelala matopeni. Ya pili nayo ikapita. Tukawa tunakwenda kando ya barabara kuwauliza madereva kama wameiona diski yetu. Mmoja, akiwa anakula chikwange, mkate wa muhogo, juu ya injini yake, alituapia kwamba ameiona Uvira kwa macho yake, na kwamba roboti sasa ana macho mawili. Tuliishi kwa uongo ule juma zima.

Mvua zilezile zilileta kolera. Robine za mtaa, mabomba yetu ya maji, hazikuwa zikitoa kitu, tukawa tunachota ziwani, palepale watu walipooshea sahani na watoto. Mtu wa afya alipita na megafoni akituambia tuchemshe maji, tutie dawa, tunawe mikono. Tulimfuata nyuma tukimwiga. Riziki, kwa sauti yake ile, ndiye aliyemwiga vizuri kuliko wote, hata wamama walicheka.

Juma la tatu diski ikafika.

Asubuhi ya Jumapili, kanisani, Riziki alitoka nje wakati wa somo, akarudi, akatoka tena wakati wa mahubiri. Nikamfuata. Nilimkuta ameegemea ukuta wa choo, midomo imekauka. Alisema ni maembe mabichi. Nikamwambia twende kwa mama yake, aliyekuwa ndani na kwaya.

"Usimuambie," akasema. "Akijua atanifungia ku nyumba, na nimengoja sana. Kesho utamuambia."

Nikaahidi. Ningependa kuandika hapa kwamba nilisita, lakini sikusita. Mimi pia niliitaka filamu ile, na bila Riziki pembeni yangu ingekuwa ugali mkavu.

Saa tisa alasiri tulikaa benchi la tatu, kati ya watoto waliobanana kama ndagala kwenye gunia. Mkono wake uligusa wangu. Ulikuwa baridi, na mle ndani sisi wengine tulikuwa tunachuruzika jasho. Nililitambua jambo hilo. Nakumbuka vizuri kwamba nililitambua, kisha taa ya televisheni ikawaka na nikaacha kulifikiri.

Filamu haikuwa imefika nusu aliponiinamia sikioni.

"Natoka kidogo," akasema. "Unishikilie nafasi. Uangalie muzuri, utanielezea yote."

Nikaweka kiganja juu ya benchi pale alipokuwa amekaa, mtu asije akapachukua. Nikatazama. Sijawahi tena kutazama kitu kwa namna ile. Nilikuwa natazama kwa macho ya watu wawili. Nilihesabu milango ya meli. Nilishika rangi ya nguo za msichana. Waliposhuka duniani, ikanyesha mvua ya kwanza, na jicho la roboti likawaka. Watoto walipanda juu ya mabenchi, wakapiga kelele hata shitingi zikatetemeka. Kama kuna mtu aliyeita kutoka nje wakati ule, asingesikika. Mimi nilikuwa najisemea moyoni: Riziki alisema kweli, subiri nimwambie. Mpaka maandishi yalipoanza kupanda, kiganja changu kilikuwa bado juu ya benchi.

Nilimkuta nyuma, kati ya jenereta na choo. Amelala ubavu, sketi yake ya kanisani imelowa, macho yamezama kichwani kama ya bibi kizee. Alinitambua. Hakuniuliza habari ya filamu. Aliomba maji.

Papa Etabo alimbeba mgongoni, akakimbia naye mpaka kwenye hema walimolazwa wagonjwa wa kolera. Mimi nilikimbilia kwa Mama Riziki, nikamwambia ameanguka, sikumwambia zaidi. Pale hemani walitafuta mshipa wa kumtundikia maji, wakautafuta mkono wa kulia, wa kushoto, hata mguuni. Mishipa ilikuwa imejificha. Akafa kabla jua halijagusa milima. Watu waliovaa buti na glavu walimfunga ndani ya plastiki, wakamzika, na mama yake akaambiwa asimame mbali. Hapakuwa na matanga. Mkeka wake ulichomwa. Kesho yake Papa Etabo aling'oa miti ya nyumba ya video kwa mikono yake mwenyewe, hakumruhusu mtu amsaidie, na baada ya siku chache tukasikia ameelekea Lulimba kwenye machimbo. Hakurudi.

Nilikaa na jambo lile miaka mingi. Siku nilipojua nina mimba ya kwanza, nilishindwa. Nilikwenda kwa Mama Riziki, nikamkuta mbele ya nyumba akichambua maharagwe kwenye ungo, nikamweleza yote: choo cha kanisa, ahadi, mkono wa baridi, benchi. Hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa mawe, moja, moja.

"Siku ile, mbele ya jua kutoka," akasema, "nilimusikia ametoka inje mara tatu. Nilijisemea ni maembe. Nilikuwa na kwaya."

Sikumwomba msamaha, wala yeye hakuniambia amenisamehe. Alinifungia maharagwe kidogo ndani ya kitambaa, kwa sababu ya mimba, akaniambia niende salama. Tangu siku hiyo tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, lakini hapiti tena njia ya mlangoni kwangu.

Sasa watoto wangu nao wana desanime yao wanayoingoja, ya nyota na mashine vilevile. Bado haijatoka, lakini kipande chake cha dakika mbili wamekitazama kwenye simu yangu hadi batri imekufa. Wanajua rangi za meli, wanajua nani atarudi na nani ni msaliti, wanajua hata siku itakayoanza kuonyeshwa Ulaya. Pamoja na watoto wa jirani zetu Warundi wanabishana mchana kutwa, na wakichoka kubishana kwa midomo wanatumiana vichwa vya njano vinavyocheka, hali wamekaa mkeka mmoja. Binti yangu Furaha, mwenye miaka tisa, mtandao ukikwama kidogo anashika kichwa na kusema anateseka. Nilimweleza kwamba sisi tulingoja Jumapili tatu na uongo wa dereva mmoja. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, kwa nini hatukuipakua tu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akafurahi kwamba amenichekesha.

Wananiomba niwahadithie filamu za enzi zetu. Ninawapa ile ya kwanza, yote, na wanasema ni nzuri kuliko walivyodhani. Nikifika kwenye jicho kuzimika, ninawaambia inaishia hapo.

Sitasema utoto wetu ulikuwa bora kuliko wao, kama wanavyopenda kusema watu wa umri wetu. Tulikuwa na njaa ya kila kitu, na njaa hufanya kitu kidogo kiwe kitamu. Wao wameshiba picha. Sijui kama kuna mmoja wao anayeweza kukaa wiki tatu akiijenga filamu nzima kichwani, akiwagawia wengine. Mimi nilimjua mmoja tu.

Asubuhi Furaha anachukua bidoni yake ya njano ya kuchotea maji anakwenda kupanga foleni kwenye robine, na siku nyingi anarudi nayo tupu. Basi tunachota ziwani, ninachemsha, ninatia dawa, ninamsimamia Furaha mpaka amenawa. Ananiona mama msumbufu. Jana, akingoja sufuria ipoe, alinihesabia siku zilizobaki mpaka filamu yake itoke, katika nchi ambayo hata mimi sijui iko upande gani. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida tu, maji ya robine yatatoka siku gani. Siku hiyo hakuna anayeijua.