Jua la Alhamisi

Wiki ile theluji ilipoanguka kwenye milima ya Ras al-Khaimah, Dubai haikuwa na habari nyingine. Ilikuwa mwanzoni mwa 2009, baridi ikiwa kali, na watu waliozaliwa jangwani walipakia watoto kwenye magari wakaenda kushika kitu walichokuwa wakikiona kwenye televisheni tu. Taib, mwana wa Bi Joha, naye alikwenda. Ijumaa jioni alirudi kwa mama yake, mtaa wa Deira, na boksi la kubebea samaki. Ndani mlikuwa na theluji iliyochanganyika na vijiwe. Akalitua katikati ya jiko.

"Fortunata, njoo uone ya kwenu."

Fortunata aliinama akaigusa. Alikuwa mtu wa Rombo. Tangu utotoni aliiona theluji kila asubuhi juu ya Kibo, nyeupe na mbali, kama shuka la mtu mwingine lililoanikwa. Kuishika alikuwa hajawahi. Ilimchoma vidole, akatamani kuutoa mkono upesi, lakini wote walikuwa wakimtazama: Taib, Bi Joha kwenye kiti chake, na Everlyn, msichana wa Kikenya aliyeajiriwa kwa usafi.

"Hii imeshaharibika njiani," alisema kwa sauti ya mjuzi. "Ya kwetu ni laini kuliko hii."

"Mwachieni mwenyewe," Bi Joha akasema, akicheka. "Mambo ya mbinguni haya ndo yake."

Hivyo ndivyo Fortunata alivyokuwa akiishi katika nyumba ile, kwa kujua yote. Bi Joha alizaliwa Unguja, akaja Dubai na mumewe angali kijana, na Kiunguja chake kilikuwa bado kizima. Sasa mume amekufa, na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Taib alikaa Sharjah na mkewe. Aliyelala chumba kimoja na Bi Joha, aliyemshika mkono kwenda msalani, aliyempa dawa na kumpigia simu, alikuwa Fortunata.

Wakala wa Dar es Salaam aliyemsafirisha alikuwa amewaambia kina Taib kwamba huyu mama amemaliza darasa la saba. Fortunata alisikia, akanyamaza. Ukweli ni kwamba hakukalia dawati hata siku moja. Mwaka ambao angeandikishwa shule, baba yake alimwandikisha Gervas, mdogo wake, na yeye akapelekwa Moshi kwa shangazi kubeba watoto. Gervas leo ni mhandisi. Fortunata akipiga simu hupokea mke wa Gervas, akasema mumewe yuko kikaoni. Miaka yote hiyo Fortunata alikuwa hajamsamehe baba yake aliye kaburini, wala Gervas aliye kikaoni.

Basi alinunua miwani ya kusomea kwenye duka moja la mtaa wa Al Muraqqabat, akajifunza kuivaa na kuivua kama walimu wafanyavyo. Dawa za Bi Joha alizijua kwa rangi na umbo, na hakuwahi kukosea. Namba za simu alizijua kwa sura zake. Kikiletwa kitu asichoweza kukikisia, alisema macho yanamuuma.

Jumamosi, siku moja baada ya ile theluji ya kwenye boksi, Bi Joha alisema anataka kumsomea marehemu mumewe khitma. Kila mwaka huisoma uani, kwa sababu sebule ni ndogo na marafiki zake wa Kizanzibari ni wengi, na wenyewe hupenda kukaa chini kwenye mazulia, wakapata hewa.

"Nnataka Jumatatu," alisema. "Lakini na hii baridi iliyoingia, sina imani. Hebu nitazamie televisheni, wiki nzima wanasemaje."

Habari zilipokwisha ukaja ubao wa hali ya hewa. Hakuna aliyesema kitu, ni muziki tu na picha saba zilizopangwa mstari mmoja, chini ya kila picha kuna maandishi ya Kiarabu. Fortunata alivaa miwani. Kwa waajiri wake wa kwanza, Wahindi, alizoea kutazama picha kama hizi, na hakuona shida yoyote. Picha ya kwanza, upande wa kushoto, ilikuwa jua lililojificha nusu. Akachungulia dirishani: ndivyo kulivyokuwa. Basi hiyo ni leo. Inayofuata ilikuwa wingu jeusi lenye radi. Kisha mawingu mawili. Kisha majua mawili makubwa ya manjano, na ya mwisho jua lililojificha nusu tena.

"Kesho mvua ya radi, Bibi. Jumatatu wingu zito. Jumatano na Alhamisi jua tupu."

"Alhamisi," Bi Joha akasema, uso ukachangamka. "Na Ijumaa watu hawaendi kazini. Mungu katupangia. Nipigie Bi Zuwena kwanza."

Jumapili jua liliwaka toka asubuhi. Jumatatu likawaka vilevile. Fortunata na Everlyn walikuwa uani, wanayasugua mazulia kwa sabuni.

"Auntie, si ulisema jana kutanyesha?" Everlyn akauliza.

"Imeishia baharini."

"Na leo ulisema wingu zito. Mimi naona nikichomeka hapa."

"Wewe sugua."

Everlyn alisugua kidogo, kisha akasimamisha brashi. "Uliangalia chaneli gani?"

"Ile ya Bibi. Ya Waarabu."

"Hao si huanzia kulia? Leo yao iko mwisho huku, kisha wanaenda hivi." Alichora kwa kidole kwenye povu, kutoka kulia kwenda kushoto. "Hata gazeti lao hufunguliwa nyuma. Ama wewe ulisoma zile siku zilivyoandikwa?"

Fortunata alishika mpira wa maji, maji yakimtiririkia miguuni. Alielewa papo hapo. Wiki yote aliisoma kinyumenyume. Jua alilolipeleka Alhamisi lilikuwa lile la jana, la Jumatano ndilo hili linalomchoma mgongo sasa, na radi aliyoiweka jana ilikuwa ya Alhamisi. Hakujua kuna lugha inayoandikwa kuanzia kulia. Angejulia wapi?

"Unataka kunifundisha kusoma?" alisema. "Mtoto niliyemzidi hata mama yake."

"Sijasema hivyo, auntie. Nauliza tu."

"Basi usiulize."

Everlyn alimtazama, kisha akainama akaendelea na zulia. 

Muda wa kurekebisha ulikuwepo. Alijifuta mikono, akapanda ngazi hadi chumbani, amepiga moyo konde kwamba atasema. Hata uongo alikuwa ameshauandaa: kwamba wamebadilisha utabiri, kwamba khitma isomwe ndani. Alipofika mlangoni alimkuta Bi Joha yuko kwenye simu.

"Alhamisi, Bi Zuwena, wala usiwe na wasiwasi. Nna mtu wangu hapa, kasoma, hanipotezi. Angekuwa huyu mtoto wa Kikenya ningekwambia tungoje." Akasikia nyayo. "Fortunata? Unataka nini, mwanangu?"

"Nilikuja kuuliza pilau ni ya kuku au ya mbuzi."

"Ya mbuzi."

Akashuka.

Jumanne ikaja na mawingu, Jumatano nayo ikawa hivyo hivyo. Fortunata alikuwa akitoka nje kila baada ya muda kutazama juu, akirudi jikoni anakata vitunguu bila kuona anachokata. Alhamisi kukapambazuka kweupe, bila hata wingu. Alisimama uani katika ule mwanga, akamshukuru Mungu, kisha akamtafuta Everlyn kwa macho.

"Umeona?" alimwambia.

"Nimeona, auntie. Afadhali."

Wageni walifika baada ya alasiri, wazee wengi wao, wakasaidiwa kuvua viatu na kukalishwa kwenye mazulia yaliyonukia udi. Walikuwa wameanza kugawana majuzuu ya msahafu waliposikia upepo. Uliingia na vumbi kwanza, ukazipindua kanga vichwani mwa watu. Mbingu ikawa nyeusi upande wa bandarini. Tone la kwanza lilikuwa kubwa kama shilingi, na kabla watu hawajainuka ikaja mvua ya mawe, barafu nyeupe ikidunda kwenye vigae.

"Theluji ya Taib imetufuata," mmoja akasema, na kina mama wakacheka huku wamekumbatia misahafu vifuani.

Walicheka mpaka Bi Zuwena alipokanyaga yale mawe kwenye ngazi ya kuingilia ndani. Alianguka upande, mkono ukiwa chini yake. Sauti yake haikuwa kubwa. Alisema tu, "Ah, mkono wangu," akabaki pale ananyeshewa, na Fortunata aliyekuwa karibu naye kuliko wote akashindwa kusogea. Aliyemwinua alikuwa Everlyn.

Maji hayakuwa na pa kwenda. Yalijaa uani mpaka mazulia yakaelea. Khitma haikusomwa. Magari yalichelewa kuja kwa sababu barabara zote za Deira zilikuwa mito, na wale wazee wakakaa sebuleni wamebanana, nguo zimewaganda mwilini, wanakula pilau kwa kuwa wameombwa.

Taib alirudi kutoka hospitali alikompeleka Bi Zuwena. "Kifundo cha mkono kimevunjika," alisema. "Mama, lakini mlitoka nje kwa nini? Wiki nzima wametangaza mvua Alhamisi. Nilidhani mtakuwa ndani."

"Tuliona jua kwenye televisheni," mama yake akajibu akikohoa, na mgeni mmoja akamshika mkono kumpeleka chumbani akabadili nguo.

"Aliona nani?" Macho ya Taib yalimpita Fortunata yakatua kwa Everlyn. "Wewe? Wewe ndiye uliyemwambia mama hivyo?"

Everlyn aliinamisha kichwa. Alingoja. Fortunata naye akainama kukusanya glasi kwenye sinia, moja moja.

"Anajitia hamnazo," Taib akasema. "Khalas, basi. Jumapili nitamrudisha kwa wakala."

Jikoni, Everlyn aliosha sufuria mbili kabla ya kusema. "Auntie, mimi sikukutaja. Sio kwamba nakuogopa. Nilitaka nione kama utajitaja mwenyewe."

 Fortunata alipika chai, akaipeleka, akarudi, akapika nyingine isiyohitajiwa na mtu.

Ijumaa, Bi Joha aliwaita wote wawili chumbani. Alionekana mdogo kitandani, mafua yamemshika. Taib alikaa kwenye mkeka miguuni pake.

"Khitma ya mume wangu nitaisoma," alisema. "Siiachi kwa mvua. Fortunata, vaa miwani yako, unitazamie tena. Taib kanambia huyu mtoto ndiye aliyekupotosha, safari hii usimwachie."

Televisheni ilikuwa imeshawashwa. Picha saba zikatokea, na ule muziki wake wa kijinga. Fortunata aliiona miwani mezani. Hakuinyooshea mkono.

"Bibi, mimi sisomi."

"Macho yanakuuma tena?"

"Hayaniumi. Sijui kusoma. Sikupelekwa shule. Niliyesema jua ni mimi, Everlyn hayumo. Yeye Jumatatu aliniambia nimekosea, na mimi nikajikausha."

Taib alianza kusema, mama yake akamnyooshea mkono anyamaze.  Muziki uliisha, likaja tangazo la sabuni.

"Na dawa zangu?"

"Nazijua kwa rangi. Sijawahi kukosea, Bibi. Naapa."

"Wangebadilisha rangi?"

 Hilo Fortunata hakuwahi kuliwaza, na sasa lilimpanda miguuni kama yale maji ya uani. Alitaka kumweleza habari za baba yake na za Gervas, jinsi alivyobebeshwa watoto wa shangazi wakati mwenzake anabeba madaftari. Maneno yote yale, aliyokuwa akiyapika miaka na miaka, yakamwishia mdomoni.

"Kutosoma si kosa lako," Bi Joha akasema. Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Lakini Jumatatu ulipanda hapa, nikakusikia nyayo, ukaniuliza pilau. Wazee wa watu wamelowa, Bi Zuwena kavunjika mkono, kwa sababu weye uliona haya. Everlyn, weye huendi popote, chukua kile kikapu cha dawa. Nisomee kimoja kimoja."

Everlyn alikichukua. Alianza kusoma majina ya dawa polepole, akiogopa kumtazama mtu, na Fortunata akasimama akisikia kwa mara ya kwanza vile vidonge vyake vinaitwaje.

"Na weye kesho utakwenda kwa Bi Zuwena," Bi Joha akasema. "Umwambie mwenyewe. Mimi simwambii kwa niaba yako."

Nyumba ya Bi Zuwena haikuwa mbali, na barabara bado zilikuwa na madimbwi. Njia nzima Fortunata aliyapanga upya maneno yake, akamweka baba mbele, kisha Gervas, kisha wakala. Alipofika, alimkuta bibi yule yuko peke yake sebuleni, mkono wa kulia umefungwa plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko, bakuli la uji mbele yake halijaguswa.

"Bi Joha kanambia una neno."

"Ni mimi niliyesema Alhamisi kutakuwa na jua. Sijui kusoma. Nilitazama picha kinyume, nikaambiwa, sikusema."

Ikawa basi. Baba, Gervas na wakala hawakutokea.

 "Ulikuwa karibu nami pale ngazini," Bi Zuwena akasema. "Nlinyoosha mkono huu mwengine. Hukuushika."

"Sikuushika."

"Nlidhani hukuniona."

"Nilikuona, Bi Zuwena."

Bibi alipumua, akautazama uji. "Mwanangu kenda sokoni. Nimejaribu kwa mkono wa kushoto, unamwagika tu. Kaa."

Fortunata alikaa chini, kwenye zulia, akachukua kijiko. Bi Zuwena alifungua kinywa kama mtoto, na macho yake hayakumtoka Fortunata usoni. Fortunata aliyaelekeza yake kwenye bakuli. Uji kidogo ukadondoka kidevuni mwa bibi. Aliufuta kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, akachota kijiko kingine.