Ufunguo Uliobaki Kaya

Siku hizi siri ya ukoo husimuliwa kwenye steji ya bodaboda mtu akitafuna majani ya muguka, lakini miaka ile ya tisini neno la mzee lilitiwa kufuli, na aliyelitaka alivua viatu kwanza.

Chengo wa Tsofa alikuwa mpiga chapa pale Ukunda, katika chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga unga. Hakufundishwa na mtu. Taipureta aliijua kwa kuwapigia barua wenye kesi, na kompyuta aliijua kwa kuikosea. Wazee wanne wa kaya, msitu mtakatifu wa ukoo, walipotaka mipaka yake iandikwe, kabla mwenye hoteli mpya hajazidi kusogeza seng'enge yake, walimwendea yeye. Sharti lao lilikuwa moja. Katika maneno yale mlitajwa mahali walipozikwa wakuu wao, na hayo si ya kila jicho.

"Kufuli kwako," walimwambia, "ufunguo kwetu."

Basi Chengo aliyafunga kwa programu isiyoridhika na neno la siri peke yake. Ilidai pia faili ndogo ya ufunguo. Faili hiyo ilikaa ndani ya kompyuta hadi kazi iishe, na nakala yake akaitia kwenye disketi. Wazee wakaiweka disketi katika kopo la maziwa, wakaenda kuificha kaya.

Haukupita muda, watatu kati yao wakatangulia mbele ya haki. Akabaki Mzee Karisa, naye alikiri kwamba mpaka wa magharibi aliujua marehemu Chome peke yake, mmoja wa hao watatu.

Kikao cha mipaka kiliitishwa Kwale. Siku moja kabla yake, kompyuta ikakataa kuwaka. Chengo akamwita Trevor, fundi wa bara aliyefanya kazi katika hoteli nyingine huko Diani. Trevor akaweka Windows upya, akajifuta mikono.

"Iko poa, mzee. Mafaili zako ziko upande wa pili wa diski, sijagusa."

Chengo akaandika neno la siri, sawasawa. Kioo kikamjibu kwamba ufunguo haupatikani.

"Ulikuwa umeiweka wapi?" Trevor akauliza.

"Ndani ya folda ya Windows."

"Ai! Hiyo nimefyeka yote. Si ungeniambia?"

"Si ungeniuliza? Hata mganga huuliza kabla ya kuchanja."

Ufunguo uliobaki ulikuwa ule wa disketi, kaya. Bila maneno ya Chome, seng'enge ingepita juu ya makaburi.

Alasiri walikuwa langoni mwa kaya, Trevor amepakata kompyuta ndogo ya hoteli, mafaili na ile programu vimeshanakiliwa humo. Kisomea disketi chake kilikuwa nje, kimeunganishwa kwa waya mfupi. Mzee Karisa aliwapokea, kaniki kiunoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Chengo.

"Marahaba. Na huyu mwenye viatu ni nani?"

Trevor akavivua mbio. Chengo akaeleza yaliyotokea. Mzee akatikisa kichwa.

"Kilichoingia kaya hakitoki, Chengo. Hata ukuni mkavu hautoki. Wewe wajua."

"Basi tuiingize mashine."

"Iingie. Nayo haitatoka."

"Aki mzee, hii ni ya hoteli! Nitafutwa kazi!"

"Utakaa humu nayo. Tutakutafutia mke."

Chengo hakucheka. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya miti, na taa ndogo ya betri ilikuwa imegeuka nyekundu. Mzee aliufuata waya kwa macho, kutoka kwenye mashine hadi kwenye kisomea.

"Kilichoingia," akasema hatimaye, "ni kilichogusa ardhi."

Akapotea msituni, akarudi na kopo. Akasimama ndani ya lango, akakipokea kile kisomea disketi juu ya kiganja chake. Mashine ikabaki nje, magotini pa Chengo. Disketi ilikuwa imeota ukungu. Mzee akaipangusa kwa ncha ya kaniki, akaisukuma ndani. Ikanguruma, ikakwama.

"Shikilia imara, mzee!"

"Kwa mkono huu? Nishikilie imara kwa kitu gani, kwa dua?"

Mkono ulitetemeka, na kila ulipotetemeka mashine ilipoteza ilichokuwa ikisoma. Trevor akapiga magoti nje ya mstari wa lango, akanyoosha mikono, akamshika mzee kifundo cha mkono.

"Geuza uso," mzee akamwambia. "Mikono yako naitaka. Macho yako siyataki."

Trevor akageukia barabarani. Mngurumo ukatulia. Chengo akaandika neno la siri, vidole vikiteleza kwa jasho, na maneno ya Chome yakafunguka. Akanakili kwa kalamu maneno ya mpaka wa magharibi tu: mvule uliopigwa na radi, kisima kilichofukiwa, jiwe la kunolea. Penye makaburi aliruka, na faili ya ufunguo hakuinakili: cha kaya hakitoki.

Kesho yake karatasi ile ilisomwa Kwale, na seng'enge ikarudi nyuma. Lakini Mzee Karisa alifariki kabla ya mvua za vuli, na lilipofichwa kopo lile hakumwonyesha mtu. Vijana hawakuuliza, walikuwa wakitafuta kazi ufukweni. Mafaili bado yako kwa Chengo, mazima, yamefungwa.

Siku ile langoni, kalamu ilipoandika neno la mwisho la mpaka, Chengo aliinua macho. Juu ya kioo yalikuwa majina ya wazee wote wanne, mmoja chini ya mwingine, kama walivyokaa siku ile walipomwendea. Akataka kuwasoma tena. Betri ikakata.