Upindo wa Vidole Vinne

Sanduku la maoni nililitengeneza mwenyewe kwa boksi la viatu. Nilikata mdomo juu yake, nikalitundika ukutani katika duka la ushonaji la shangazi pale Majengo, nikawaambia mafundi kwamba wazo lolote la kuboresha kazi litapokelewa. Siku ya tatu nililifungua. Ndani mlikuwa na vifungo viwili vilivyovunjika, tikiti ya basi, na kipande cha kitambaa cha bluu, upana wa vidole vinne, kimekunjwa vizuri na kuchomekwa sindano. Sindano niliichukua. Vingine nilivitupa, nimeudhika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikingoja barua za kazi ambazo hazikuja, na shangazi, ambaye cherehani zake ndizo zilizonisomesha, aliniita nimsaidie. Nadhani alimaanisha kupiga pasi. Mimi nilielewa kwamba nirekebishe biashara.

Sababu ya kuhangaika ilikuwepo. Mwaka huo mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani alikuwa amekubali kuwaelekeza wazazi wote wa darasa la kwanza kwa shangazi kununua sare. Wakiridhika, sare za shule hiyo zingekuwa zake. Wakinung'unika, Januari nyingine wangerudishwa kwenye duka kubwa la mjini. Shangazi alilisema hilo mara moja tu. Mimi nililirudia kichwani nikipiga mswaki, nikinywa chai, nikivuka barabara.

Kwa hiyo nilichunguza. Mafundi walikuwa watatu, na mkuu wao alikuwa mzee kutoka Ukambani aliyevaa tepu ya kupimia shingoni hata akienda kula. Kila sketi waliikata ndefu kuliko ilivyohitajika, kisha wakaikunja ile ziada ndani: vidole vinne vya kitambaa kizuri ambacho hakuna mtu angekiona. Nilipima, nikakokotoa, nikapima tena. Upindo ukiwa wa kidole kimoja, kila jora lingetoa sketi nyingi zaidi.

"Nani aliwafundisha kupoteza kitambaa hivi?" nilimuuliza fundi mkuu.

"Ndivyo inavyokatwa," alisema, miguu ikiendelea kukanyaga cherehani.

Jibu hilo nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari, kama mfano wa ugonjwa wenyewe; kesho yake ndipo nilipolitundika lile sanduku.

Shangazi alikuwa akienda nyumbani kijijini kwa mazishi. Nilimshika mlangoni nikamweleza mpango wangu wote, akiwa na kikapu mkononi. "Jaribu, mtoto wa kaka yangu," alisema. "Lakini usiniharibie Januari."

Tulikata sketi zote za darasa la kwanza kwa kipimo changu. Fundi mkuu alikata bila neno, na kimya chake nilikihesabu kuwa ushindi.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka Ziwani na binti yake. Mtoto aliivaa sketi, akazunguka. Ilimkaa barabara.

"Imemtosha," mama alisema.

"Asante, mama."

"Nasema imemtosha!" Aliinama, akaupindua ukingo wa sketi. "Ingine iko wapi?"

"Ingine gani?"

"Ya mwaka ujao. Na ya ule mwingine. Ama mmemwambia huyu wangu asikue?"

Akina mama waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mmoja akaniuliza, "Kijana, wewe una watoto?"

"Bado."

"Inaonekana."

Kufikia saa sita hatukuwa tumeuza hata sketi moja, na wawili waliondoka wakisema wanaenda kumuuliza mwalimu mkuu kwa nini aliwatuma huku. Shangazi alifika alasiri, vumbi la safari likiwa bado viatuni. Nilitamani afoke. Aliuliza tu, "Kitambaa ulichookoa kiko wapi?"

Nilimletea. Fundi mkuu alikipokea, akakipasua vipande virefu, akaunga kimoja chini ya sketi na kukikunja ndani. Vidole vinne.

"Ukifunguliwa, mshono utaonekana," nilisema, kwa sababu kunyamaza sijui.

"Utaonekana mwaka ujao, msomi," fundi alisema. "Mwaka huu tunauza."

"Kumbe ulijua! Kwa nini hukuniambia?"

Ndipo aliposimamisha cherehani. "Nilikuambia. Niliweka maoni kwenye sanduku lako. Ukayatupa, ukabaki na sindano yangu."

Siku mbili tulifumua na kuunga. Vipande vilimaliza kitambaa chote nilichookoa, vikala na jora jipya. Shangazi alitia sketi moja kwenye kikapu, akaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Aliporudi alituambia kwamba mwalimu hakuuliza bei wala mshono; aliupindua upindo, akaupima kwa vidole vyake, akasema wazazi watarudi. Walirudi. Sindano nilikuwa nimeshairudisha, na sanduku nimelishusha.

Desemba iliyofuata yule mama wa Ziwani alileta sketi ya bintiye iteremshwe. Upindo ulipofunguliwa, mstari ulitokea kuizunguka sketi yote, mweusi kidogo kuliko kitambaa.

"Na huu mstari ni wa nini?"

Fundi mkuu hakuinua macho. Alinyoosha mkasi kunielekeza mimi, niliyekuwa mezani na chaki, nikipima vidole vinne.