Kumi na Nne kwa Ishirini

Miaka ya tisini nilikuwa nikisahihisha kazi za watu wazima waliokuwa wakisomea kidato cha nne kwa njia ya posta. Niliishi Majimbo, mjini Embu, na bahasha zao zilinifikia kila wiki. Wakati huo sikuwa nimeona sura ya hata mmoja wao.

Mwanafunzi mmoja wa Kanyakine, mama mkulima, alikuwa na mazoea ya kuniandikia mstari mmoja chini ya insha yake. Mara mvua imekataa, mara kahawa imeiva. Mimi niliupita tu. Siku moja aliandika: "Mwalimu, samahani nimechelewa, mtoto wangu amelazwa." Nilimpa kumi na nne kwa ishirini, nikaongeza kwa wino mwekundu: "Tuma kazi kwa wakati."

Bahasha zake zikakoma. Miezi mitatu baadaye, nikiwa safarini kwenda Meru, nilishuka Kanyakine nikamuulizia. Nilimkuta shambani akichuma kahawa. Nilipojitambulisha, aliweka kikapu chini akanipa mkono kwa heshima.

"Mbona uliacha, mama? Ulikuwa unaandika vizuri."

"Karatasi yako ilifika siku tuliyomzika mtoto," alisema. "Niliisoma, mwalimu. Nikaona huko hakuna mtu."

Nilimpa pole. Nikamsihi arudi, nikaahidi kumwandikia. Alitikisa kichwa kukataa, akaniletea uji, tukanywa.

Tangu hapo niliwajibu wanafunzi wangu wote, hata waliouliza habari za mvua. Yeye nilimwandikia mara nne. Hakujibu.